Mjomba na Waya wa Televisheni

Mjukuu wangu ni fundi cherehani. Alimkatia bibi harusi gauni likawa fupi mbele, akafukuzwa kazi. Wiki mbili sasa amejilaza kwenye kochi langu akitazama kanda za filamu za zamani, na mkasi hataki hata kuuona. Mimi namwekea chai tu.

Jumapili akaja mjomba wake, mwanangu wa kwanza, bingwa wa ushauri usioombwa. Gazeti kwapani, hata viatu hakuvua. Alichomoa waya wa televisheni.

"Mama, unalea uvivu. Waigizaji wenyewe hao walishakufa."

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega," akajibu shingo upande.

"Mke alipomkimbia, alikumbatia redio akisikiliza mpira mwaka mzima, na uji akanyweshwa na mama yake."

Mwanangu akatazama dari, kana kwamba huo uji hakuunywa yeye.

Mjukuu wangu akacheka, mara ya kwanza tangu afukuzwe. Akainuka, akachomeka waya.

"Bibi, tazama kola ya huyo mama kwenye filamu. Imelala vizuri kwa sababu kitambaa kimekatwa mshazari. Hebu niijaribu."

Akalitwaa gazeti la mjomba wake, akalitandaza sakafuni, akaichora ile kola kwa kalamu.

"Bibi, mkasi wangu uliuweka wapi?"

Mjomba akanyoosha tai. "Umeona, Mama? Maneno yangu yamemwingia."

Nilimtazama kuanzia tai mpaka viatu. Nimezaa, jamani. Nikampa mjukuu wangu mkasi, halafu nikamfungulia mwanangu mlango. Gazeti lake lilikuwa limeshakatwa.