Mji Unaomwamkia Nyamizi

Usingizi hauna adabu. Unamchukua Nyamizi mchana kweupe, kwenye benchi la mahabusu ya mahakama, miguu yake haifiki chini. Kuiba aliiba, hapo simtetei: simu ya mama muuza vitenge, sokoni, watu wakimwona. Lakini ana miaka kumi na minne, na karatasi ya polisi inasema kumi na tisa. Wewe kubali hiyo kumi na tisa, askari amemnong'oneza asubuhi, tumalize leo leo. Hakumwambia kwamba mtoto husikilizwa faragha, mzazi wake akiwa kando, na kwamba wa kumi na tisa hufungwa na wakubwa. Maneno matamu ya watu wengine, Mungu atuepushe nayo!

Basi anafumba macho, na mlango wa mahabusu unakuwa njia, njia inazaa njia, na kila njia inamrudisha kwenye mji uleule wa kuta za vioo. Mzee wa mkongojo anapita, anainama. Shikamoo, mama. Nyamizi anacheka kwa aibu, tangu lini mwenye mvi akamwamkia mtoto? Lakini mwalimu wake naye anainama, na bibi yake aliyemlea anapiga goti vumbini, shikamoo, na Nyamizi amefundishwa na bibi huyohuyo kwamba shikamoo haiachwi hewani. Marahaba, anaitikia, na kwenye kioo uso wake unakomaa. Marahaba, na mvi zinachomoza. Anaogopa, anakimbia, njia inamrudisha. Pale njia panda amesimama mtu asiye na uso, ameshika funguo. Nitatokaje hapa? Kitendawili, anasema yule mtu. Tega. Mdogo hukitoa asipungukiwe, mkubwa hukipokea asishibe. Nyamizi anakijua, kipo kooni, lakini kila akifungua kinywa mji mzima unamtangulia, shikamoo, shikamoo, hadi anaziba masikio na kulia kama mtoto alivyo. Nyamizi Maganga! Jina lake hilo, linaitwa kwa sauti ya chuma.

Anapandishwa kizimbani. Jua la dirishani limemmeza hakimu, chini ya nywele zake hakuna uso, kuna mwanga tu, na Nyamizi anajishika kichwa kutafuta mvi. Huu si mji uleule? Nyuma yake askari anakohoa. Una miaka mingapi? anauliza hakimu, kwa sauti ya mama. Kumi na tisa imekaa kwenye ncha ya ulimi, tayari. Nyamizi anawaza jambo moja tu, kwamba huyu mama akimtangulia kumwamkia, basi amekwisha. Anapiga goti palepale.

Shikamoo.

Watu wanacheka. Karani anafoka, binti, mahakamani hatuamkiani, sema mheshimiwa! Nyamizi hainuki. Goti linamuuma, anangoja. Hakimu anaweka kalamu chini, anainama mbele, anatoka kwenye mwanga, na ana uso, wa mama mtu mzima aliyechoka.

Marahaba, mwanangu. Una miaka mingapi?

Kumi na minne.

Na hii kumi na tisa nani kaiandika?

Askari hakohoi tena. Kama ameamka au bado yuko kule, Nyamizi hajui. Anajua kwamba ameitikiwa.