Kofi la Chini ya Ardhi

Kofi lilimkuta Mabula shavu la kushoto, na kabla hajajua limetoka wapi, taa yake ya karabai ilikuwa imeanguka topeni na kuzimika. Mashine ya kutobolea mwamba ikanyamaza. Jilala, mwenzake wa kuishika, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama yako alizaa gogo," Onesmo akamwambia. "Ondoka hapo."

Onesmo alikuwa nyapara wa shifti ya asubuhi, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyesomeshwa na mapadri. Mabula alikuwa na thelathini na minane, mtu wa Kagongwa, baba wa watoto wanne. Watu tisa waliona. Hakulirudisha kofi, kwa kuwa aliyempiga nyapara alifukuzwa siku hiyohiyo, na hilo kila mtu mgodini alilijua. Alipanda ngazi, akaenda moja kwa moja kwa karani wa mgodi kuomba ruhusa ya siku mbili. Anakwenda kushtaki barazani kwa mtemi, alisema, na iandikwe hivyohivyo.

Kambini, mkewe Sikujua alimtengea ugali. Hakuugusa.

"Kanitukania mama yangu," alisema. "Mtoto yule. Mbele ya watu."

"Alikupigia nini?"

"Muulize yeye."

Alasiri akaja Telesphori, fundi wa nguzo za kuzuia mwamba usiporomoke. Alikuwa mtu wa Ushirombo, na miaka kumi na mitano ya baruti ilikuwa imemla sikio moja lote na la pili nusu. Wafanyakazi walimchagua awasuluhishe kwa sababu hakuwa na ndugu pale kambini, na tena hakuna aliyeweza kumnong'oneza kitu.

"Shikamoo, mzee," Mabula akasema bila kusimama.

"Marahaba. Kofi ni kofi tu, Mabula. Njoo tuyamalize hapahapa. Huko barazani utaambiwa njoo kesho mpaka uchoke."

"Nani kakutuma?"

"Onesmo mwenyewe."

Hapo ndipo damu ilipomchemka kweli. Anapiga, anatukana, kisha anatuma wazee? Lakini neno hilo lilimkaa moyoni. Mtu mwenye haki yake anaogopa nini baraza? Akaondoka kumfuata mzee, si kwa kutaka suluhu, bali kwa kutaka kujua.

Walikaa kwenye banda la Telesphori, juu ya magogo yaliyokwisha kuchongwa. Jilala aliitwa awe shahidi. Kwa ajili ya masikio ya mzee ilibidi kila mtu apaze sauti, na watu waliopanga foleni ya maji bombani, hatua chache kutoka pale, waliacha kupiga soga.

"Ulimpigia nini?" Telesphori akamuuliza Onesmo.

"Alikuwa anatoboa karibu na tundu lenye baruti. Moja la jana halikulipuka. Angeligusa, leo tusingekuwa naye. Wala Jilala."

Mabula alikumbuka mahali alipokuwa ameielekeza ncha ya mashine. Kisha hasira ikamrudia. "Ningejuaje? Palikuwa na alama?"

Onesmo akainamisha kichwa, akasema kitu.

"Sikusikia," Telesphori akasema. "Nani alipaswa kutia alama?"

"Mimi," Onesmo akasema kwa sauti. "Ilitakiwa milipuko kumi na miwili. Nilihesabu kumi na mmoja. Nikasema nitarudi na chokaa, shifti ikaisha, nikasahau. Asubuhi nikakumbuka, nikakimbia."

Mabula akasimama. "Kwa hiyo umenipiga kwa kosa lako."

"Niliogopa."

"Ukaogopa, ukamtukana mama yangu."

"Pia amekuokoa," Telesphori akasema.

"Ameniokoa na nini, mzee? Na mtego alioutega yeye."

Onesmo aliomba suala hilo lisifike barazani, maana likifika huko Mzungu wa mgodi atajua habari ya tundu, na kazi itakuwa imekwisha. Akasema atatoa mbuzi.

"Mbuzi wako kaa naye."

"Unataka nini, basi?" Telesphori akauliza. "Hasira yako naisikia hata kwa sikio hili bovu. Niambie unachotaka."

Tangu asubuhi Mabula alikuwa akimwona akilini Onesmo akisimamishwa mbele ya karani wa mtemi, na baada ya hapo hakuona kitu. Ni Jilala aliyesema, "Na mimi nilikuwa pale. Mashine ile tunaishika wawili. Mimi hakuna aliyenitumia mzee."

Mabula akamtazama, akaona haya kidogo. Akakaa.

"Alimtukana mama yangu mbele ya watu tisa," akasema polepole. "Anitake radhi mbele ya haohao. Aseme kosa la tundu lilikuwa la nani. Na tangu kesho asihesabu milipuko peke yake, mmoja wetu ahesabu naye."

"Watanidharau," Onesmo akasema.

"Basi twende barazani ukayaseme mbele ya karani anayeandika."

Onesmo akakubali.

Kesho yake, kwenye mdomo wa shimo, alisimama mbele ya kikosi chote akayasema yote, la mama na la tundu, macho yakiwa chini.

"Sema tena," Telesphori akasema. "Sikusikia."

Mabula hakujua kama kweli mzee hakusikia. Onesmo aliyarudia yote kwa sauti kubwa, na hakuna aliyecheka. Telesphori akaushika mkono wa Mabula ili auunganishe na wa kijana. Mabula akauchomoa.

"Mkono haukuwemo katika tuliyokubaliana."

"Mapatano gani haya bila mkono?" Mzee naye akakasirika.

"Barazani siendi. Hayo ndiyo mapatano."

Wakashuka ngazi. Chini, Onesmo alimwonyesha mahali pa kutoboa. Mabula alimwambia Jilala asubiri, akainua taa na kuanza kuupapasa mwamba kwa vidole, tundu baada ya tundu, akitafuta lenye baruti, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, bila haraka yoyote. Kikosi kizima kilisimama kikimngoja. Onesmo naye alingoja, na hakuthubutu kumhimiza.