Jua la Dirisha la Mshonaji

Mara mbili mama mshonaji alikuwa ameikataa picha ya chumba chake kipya cha kushonea. Ya kwanza alisema imepooza kama ndani ya friji. Ya pili aliguna tu, na mguno ule ulimkera mbunifu wa vyumba kuliko maneno.

Vipimo vilikuwa sawa. Meza, cherehani, makabati, vyote alivipanga kwenye kompyuta bila kukosea hata sentimita. Akamwita dada yake mkubwa, mpiga picha za harusi, aje amtazamie.

"Hii mbingu ya dirishani umeitoa wapi?" dada aliuliza.

"Imekuja na programu."

"Ndiyo maana! Umemwangazia mama wa watu chumba kwa jua la ugenini."

Saa kumi jioni walikuwa nje ya dirisha lenyewe, nyumbani kwa mama yule. Dada alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaizungusha kidogo kidogo, na kila upande akapiga picha kadhaa, kuanzia yenye giza hadi yenye mwanga wa kuumiza macho. Waliporudi ofisini walizishona zote zikawa picha moja ya mviringo, na mdogo akakifunika nayo chumba chote cha kwenye kompyuta, kama bakuli juu ya kikombe.

Jua likatokea nyuma ya kabati.

"Wee, limepotea njia!" dada akaangua kicheko.

Mbunifu akaizungusha picha taratibu, akilitafutia jua dirisha lake. Mara mwanga ukaingia! Ukatambaa sakafuni, ukapanda miguu ya meza, ukametameta kwenye gurudumu la cherehani. Hata dari ikapata wekundu kidogo, kwa kuwa bati jekundu la jirani lilikuwa likirudisha jua ndani. Wekundu ule hakuuchora mtu. Wakajikuta wanarukaruka, wameshikana mikono.

Mama mshonaji aliitwa papo hapo. Alifika akihema, tepu ya kupimia ingali shingoni. Akainama mbele ya skrini, akaufuata mwanga kwa kidole kutoka dirishani hadi mezani.

"Hiki ndicho chumba changu," alisema hatimaye. "Chenyewe kabisa! Lakini mwanangu, ukiniweka hapo utaniua macho."

"Kwa nini, mama?"

"Mwanga unatoka kulia. Mkono wangu utatia kivuli kwenye sindano."

Kwenye picha za mwanzo asingeliona hilo, maana mwanga wake haukuwa na unakotoka. Mbunifu akaigeuza meza, na kivuli kikahamia upande wa pili.

"Hapo hapo! Usiguse tena!" Mama akapiga makofi, akavuta kiti, akaketi. "Haya, sasa nionyesheni saa mbili asubuhi. Ndipo ninapokata vitambaa."

Ndugu walikuwa wamepiga za jioni tu. Picha ya asubuhi hawakuwa nayo.

"Kesho kukipambazuka tuko kwako, mama," alisema dada, na tayari alikuwa anachomeka betri kwenye chaja.