Bwawa la Watoto wa Chini ya Miaka Saba

Mwaka ule baba aliporudi kwa likizo ya wiki mbili, likizo yake ya kwanza ya maana tangu aanze kazi za mbali, alituita sebuleni akatuambia tufunge mizigo. Tunakwenda wapi, hakusema. Alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Mama alikuwa kwenye cherehani anamalizia sare za wateja. Alimtazama kwa juu ya miwani, akasema tu, "Haya, leo tumepata bosi."

Baba alikuwa opereta wa greda. Kampuni yake ilikuwa inajenga barabara, na barabara kazi yake ni kwenda mbali. Kila walipomaliza kipande kimoja, baba alizidi kusogea. Kwa miaka sita alilala kwenye kontena kando ya njia, akawa anakuja nyumbani siku tatu au nne, analala mchana kutwa, anatengeneza bomba linalovuja, anaondoka. Sisi tulimjua zaidi kwa simu ya kila Jumapili. Alikuwa anauliza, "Shule inaendeleaje?" nasi tunajibu, "Vizuri," kisha simu inapita kwa mwingine naye anaulizwa hivyohivyo.

Tulikuwa watatu. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne, sauti imeanza kukwaruza na suruali zote zimemwishia juu ya vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, na nyumbani waliniita Wakili kwa sababu nilibishana hata na redio. Mdogo wetu alikuwa na miaka minane. Yeye aliitwa Kifungo, tangu siku alipomeza kifungo cha shati la mteja wa mama tukashinda hospitali siku mbili tukikisubiri kitoke. Alikuwa na miaka minane kwenye cheti tu. Kwa mwili ungempa kumi na moja na usione aibu.

Kila mmoja alijichagulia safari yake kichwani. Kaka alimsikia baba akiuliza kwenye simu, "Mteremko wenyewe ni mrefu kiasi gani?" akaamua moja kwa moja kwamba tunakwenda mlimani. Akafunga kamba, tochi, dira ya shule na soksi nene za kuazima. Mimi niliota hoteli yenye wasichana wa miwani ya jua, nikabeba vitabu vinne na gauni ambalo mama alinishonea likabana kidogo kiunoni. Kifungo alibeba mpira. Alikuwa anabeba mpira hata akienda chooni.

Tulisafiri kwa basi saa nne. Baba alikaa mbele yetu, na kila baada ya muda mfupi aligeuka kutuangalia, kana kwamba tungeweza kushuka njiani bila yeye kujua. Tulipofika, lango lilikuwa limechorwa uso wa sungura mwenye meno mawili makubwa, na ili uingie ilibidi upite katikati ya meno. Mapokezi, dada mmoja mchangamfu akatuvalisha vitambulisho vya karatasi. Cha kaka kilikuwa na picha ya kifaranga.

"Karibuni sana," akasema. "Chumba chenu kinaitwa Bata. Vitanda vya watoto ni vile vya chini, havina hatari ya kuanguka."

Kaka alikitazama kifaranga chake, akanitazama mimi. Sijawahi kumwona mtu akiporomoka hivyo akiwa bado amesimama.

Chumba cha Bata kilikuwa safi, kina mapazia ya njano na vitanda vifupi vitatu vimepangwa ukutani. Kaka alipojilaza, miguu yake ilitokeza nje kuanzia kwenye ugoko. Kwenye kila pembe ya meza walikuwa wamebandika sponji ili mtoto asijigonge. Nje kulikuwa na bembea, mchanga wa kuchezea, farasi wa mbao, na katikati ya yote bwawa la mviringo lenye tembo wa saruji. Mkonga wa tembo ndio uliokuwa mteremko. Ulikuwa mrefu kama mlango uliolazwa. Kando yake palikuwa na kibao: *Watoto wa chini ya miaka saba.*

"Mnaonaje?" baba akauliza. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, kama vile bwawa amelichimba yeye. "Tembo mzima! Haya, vueni viatu."

Hakuna aliyevua. Kifungo, ambaye roho yake ilikuwa bado inamvuta kwenye tembo, akajisogeza hadi kwenye ngazi. Mlinzi wa bwawa, mzee mwembamba mwenye filimbi shingoni, akamzuia.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Sita," baba akasema haraka. "Anaingia saba."

"Nane na nusu!" Kifungo akapaza sauti, kwa sababu ile nusu alikuwa ameipigania nyumbani kwa miezi. Mlinzi akatikisa kichwa, akapuliza filimbi, ingawa tulikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Hapo kaka akapasuka. "Baba, hii ni chekechea! Umetuleta chekechea! Mimi nina miaka kumi na minne, nimevalishwa kifaranga!"

Watoto wadogo wakaacha kucheza. Mama mmoja akamvuta wa kwake karibu. Nilidhani atafoka, na nadhani hata kaka aliomba afoke, maana ugomvi ungekuwa rahisi kuliko kile kilichotokea. Baba alijipapasa mifukoni kama anayetafuta kitu, kisha akasema taratibu, "Sawa. Kapumzikeni." Akaenda kukaa kwenye benchi upande wa pili, peke yake, anamtazama tembo.

Nilimfuata mama chumbani nikiwa nimejiandaa kutoa hoja zangu zote za Wakili. Alikuwa anapanga nguo kwenye kabati ambalo reli yake ilikuwa kwenye kimo cha tumbo lake.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua jana, alipokuwa ameshalipia."

"Mbona hukumwambia?"

Mama akakaa kwenye kitanda kifupi, magoti yakampanda hadi karibu na kidevu. "Pochi ya baba yako ina picha," akasema. "Aliikata kwenye gazeti mwaka ule alioanza kazi ya mbali. Wakati huo kaka yako ana miaka minane, wewe sita, Kifungo ana miwili, hata kusema hajui vizuri. Ni picha ya huyo tembo. Aliibandika ukutani kwenye kontena. Kila kontena walilohamia, aliibandua akaibandika tena. Jana alivyonionyesha, pembe zote zimeliwa na gundi." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Sasa ningemwambia nini? Kwamba wale watoto hawapo tena?"

Nikachukua shati jingine, nikaanza kumsaidia kukunja.

Asubuhi ya pili, watoto wadogo walipokuwa wanakunywa chai, nilitoka na kitabu changu nikakuta bwawa halina mtu ila baba. Alikuwa amevaa bukta mpya, bado ina mikunjo ya dukani, amesimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, na mkono mmoja umeshika ukingo. Nilimtazama kwa muda. Alisogea hatua moja, akarudi. Akasogea mbili, akarudi kwa haraka akishika ukingo kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa akiendesha mtambo wa tani kumi na tano kwenye kingo za mabonde alikuwa anang'ang'ania ukingo wa bwawa la watoto.

"Baba," nikasema, "kumbe hujui kuogelea?"

Akashtuka. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyefumaniwa. "Ningejulia wapi? Kwetu maji tulikuwa tunayabeba kichwani, hatukuwa tunayaingia."

Nilikwenda kumwita kaka. Hadi leo sijui kwa nini nilimwita yeye, aliyekuwa amenuna na kujifunika shuka hadi utosini. Lakini kaka alikuwa anaogelea kwenye timu ya shule, na alipokuwa anajua kitu hakuweza kuvumilia kuona mtu anakifanya vibaya. Alisimama ukingoni, bado na sura yake ya hasira, akamtazama baba akipiga maji kama anayefukuza nyuki.

"Sio hivyo," akasema.

"Basi vipi?"

"Unakaza shingo. Legeza shingo."

"Nikilegeza nitazama."

"Utazamia wapi, baba? Maji yenyewe ya kiunoni!"

Kaka akavua fulana, akaingia. Mlinzi akainua filimbi, akawatazama wawili wale, akaishusha. "Mna saa moja," akasema. "Watoto wenyewe wakija, mnatoka."

Siku ile baba alikunywa maji mengi kuliko aliyoogelea. Siku ya tatu aliweza kulala chali juu ya maji, kaka akimshikilia mgongoni kwa kiganja, kama wanavyofundishwa watoto wachanga. Kifungo alikuwa ameketi juu ya kichwa cha tembo, maana mlinzi alikuwa ameshakata tamaa naye, akihesabu kwa sauti sekunde ambazo baba amekaa bila kuzama. Mimi niliacha kitabu changu wazi kifudifudi kwenye nyasi. Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti cha turubai, kofia usoni, tukidhani amelala.

Niliwasikia wakizungumza, kwa sababu maji yanabeba sauti.

"Mkono wako umekuwa mzito," baba akasema, macho yake juu angani.

"Nina miaka kumi na minne."

"Najua. Usidhani sijui. Kila siku yako ya kuzaliwa nilikuwa naongeza moja." Maji yakamwingia puani, akakohoa. "Miaka nilikuwa naiongeza, lakini wewe nilikuacha palepale. Nilikuwa nakuona unafika hapa," na akatoa mkono majini kuonyesha kimo, akapoteza mizani, akazama mzima mzima.

Kaka alimwinua kwa kwapa. Wote wawili walikuwa wanacheka huku wanakohoa, na sikuweza kujua nani kamshika nani. Kisha kaka akasema, bila kumtazama, "Haya, lala tena. Safari hii usionyeshe kitu."

Siku ya mwisho baba alivuka bwawa. Lilikuwa na upana wa mita sita, labda saba. Watoto wa vyumba vya Sungura na Kobe walikuwa wamesimama ukingoni na maboya yao ya mikononi, wakimshangilia mtu mzima mwenye kitambi anayevuka bwawa lao, na mlinzi alikuwa anakimbia pembeni akipiga kelele, "Mateke, mzee! Mateke!" Alipogusa ukingo wa pili, Kifungo alipiga ukelele uliowaamsha watoto waliolazwa usingizi wa mchana, na dada wa mapokezi akatoka kuja kuuliza kuna nini.

Kaka hakuivua ile karatasi ya kifaranga siku ile. Nadhani alisahau.

Likizo tulizosafiri sote watano zilikuwa tatu tu. Baada ya hapo kaka alikwenda chuo, mimi nikafuata, kisha kila mtu akawa na ratiba yake, na sasa hata kupigiana simu ni mpaka tupange. Zile mbili nyingine zilikuwa nzuri pia, lakini ninachokipenda zaidi ni ile jioni tuliyokaa kuchagua safari ya pili.

Baba alikuwa amepata kazi karibu, kwenye karakana ya kampuni hiyohiyo, na alikuja mezani na kalamu na karatasi kama mwenyekiti wa kikao. "Safari hii nauliza kwanza," akasema. "Kila mtu ataje umri wake na anachotaka. Kaka mtu?"

"Kumi na mitano. Mlima."

"Wakili?"

"Kumi na mitatu. Mji mkubwa, wenye maktaba na maduka."

"Mlima hauna maduka," kaka akasema.

"Na maduka hayana mlima, kwani nani kakuzuia kupanda ngazi?"

"Kifungo?"

"Tisa na nusu. Pale pale kwa tembo."

Tukabishana nusu saa nzima. Baba aliandika, akafuta, akachora mistari, akapendekeza mlima mdogo karibu na mji mdogo wenye bwawa, na kila mtu akalikataa pendekezo kwa sababu yake. Cherehani ilikuwa inanguruma pembeni muda wote. Kisha ikanyamaza.

"Na mimi?" mama akauliza.

Tukageuka. Alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Mmezunguka meza nzima mkiulizana umri. Mimi nina miaka mingapi?"

Kaka akamtazama baba. Baba akamtazama kaka. Kifungo akasema, "Mia?" nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Arobaini na moja," mama akasema. "Na mtoto wa arobaini na moja anataka mahali ambapo chakula kinapikwa na mtu mwingine, vyombo vinaoshwa na mtu mwingine, na akiamka asubuhi hakuna anayemuuliza soksi ziko wapi. Mlima uwepo, maduka yawepo, tembo awepo, mimi hayanihusu. Andika."

Baba akageuza karatasi upande wa pili uliokuwa mweupe, akaandika.