Siku Niliyoponywa kwa Kipaza Sauti

Gari letu liliacha barabara ya Pangani tukiwa tumeipita Kigombe kidogo tu, saa kumi jioni, barabara kavu, hakuna mbuzi, hakuna lori, hakuna mlevi. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia ajali hutafuta chanzo chenye heshima, na sisi hatukuwa nacho. Mume wangu Robert ni fundi wa friji. Siku hiyo alikuwa ametengeneza jokofu la hoteli moja Ushongo, nami nilimsindikiza ili na mimi nikae ufukweni kama mtalii. Tukiwa tunarudi nyumbani Mabawa, tukampita mtu mwenye shati la kijani. Nikasema, "Baba Queen, yule si Zebedayo, MC wa harusi yetu?"

Robert akageuka kumwangalia. Akageuka vizuri, shingo nzima, hadi akaona kioo cha nyuma. Gari likaenda kusalimiana na kalavati.

Hakuwa Zebedayo. Zebedayo siku hiyo alikuwa Korogwe.

Robert alitoka na mkwaruzo kwenye kiwiko. Mimi nilishuka kwa miguu yangu, nikakung'uta sketi, nikawaambia waliokuja kutuokoa kwamba sijambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maneno ndiyo kazi yangu, na sijawahi kulitumia neno vibaya kama nilivyolitumia lile. Asubuhi yake sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Hospitali wakanipiga picha, picha ikatoka safi. Daktari aliielekeza dirishani akaitazama kwa furaha. "Hongera, mwalimu. Huna kitu."

Nikamwuliza, kama sina kitu, nani basi anayeniwashia moto hapa katikati ya mabega? Akaniandikia vidonge, akanivisha kola ya shingo, akaniahidi kwamba baada ya wiki sita nitakuwa mpya. Miaka miwili ikapita. Upya wangu ulikuwa bado uko njiani.

Shida ya maumivu ya aina hii ni kwamba hayana sura. Anayevunjika mguu hufungwa plasta, watu wakamletea uji. Mimi nilipokuwa na kola niliheshimika kidogo. Siku niliyoivua, nikapona machoni pa Mabawa nzima. "Mwalimu Benedikta, mbona umependeza!" Kana kwamba mtu aking'aa usoni, mgongo nao hutii. Mwalimu wa hesabu aliniambia kwamba hata yeye aliwahi kuumwa shingo, akabadilisha mto, yakaisha. Nilimshukuru sana. Miaka miwili nahangaika, kumbe dawa ni mto.

Hata hivyo nilikuwa nimejifunza kuishi. Shuleni walinipa kiti chenye egemeo refu. Nyumbani tulilalia godoro gumu kama ubao, na kamba ya kuanikia nguo niliishusha ikawa usawa wa kiuno. Nilichoshindwa kujifunza ni uso wa Robert. Kabla ya ajali alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Akifungua friji ya mtu, mtaa mzima unajua. Baada ya ajali aliacha. Akaacha na kuendesha gari, akawa anakwenda kwa wateja kwa bajaji huku amepakata mtungi wa gesi. Kila asubuhi aliniuliza, "Leo je?" Nikisema afadhali, anakula. Nikisema vile vile, anaiacha chai inapoa, anatoka. Ikafika mahali nikawa naumwa kwa ajili ya watu wawili.

Ndipo wifi yangu Praxeda, dada yake Robert, akatuletea habari za mkutano wa injili. Mhubiri anaitwa Mtumishi Zabron, anatoka mbali, na vipofu wanaona. Nikamwambia Praxeda kwamba mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, baba yangu aliimba kwaya ya kambi ya mkonge, na Mungu wetu anasikia hata tukiongea taratibu. Akasema imani yangu ndiyo iliyopinda, si shingo.  Robert aliniangalia tu kwa macho ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu. Tukaenda.

Uwanja ulijaa. Mtumishi Zabron alikuwa na suti nyeupe na kipaza sauti kilichofungwa taulo dogo. Alipoita wenye maumivu ya shingo, mimi nilitulia kama sanamu. Praxeda akanyanyua mkono. Wake? Hapana, wangu. Aliushika kwenye kifundo akaunyanyua, na kwa kuwa mkono ule ukinyanyuliwa nahisi kisu begani, nikapiga kelele, na Mtumishi akasema, "Yule mama anateswa. Mleteni."

Nikaletwa. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaomba kwa lugha nisiyoijua, kisha akakizungusha ghafla kama anafungua chupa. Pakalia ta! Nikaona nyota saa kumi na moja ya jioni. Mwili mzima ulikufa ganzi kuanzia kisogoni hadi vidole, machozi yakanimwagika.

"Mama, maumivu yako wapi?" akaniuliza, kipaza sauti mdomoni mwangu.

Nikasema ukweli wa dakika ile. "Sijui."

"Hajui yako wapi!" akaunguruma. "Hajui yaliko, kwa sababu yameondoka!"

Uwanja ukalipuka vigelegele. Mimi nilifungua kinywa ili kurekebisha sentensi, kama ninavyowarekebisha wanafunzi. Kisha nikamwona Robert. Alikuwa amesimama mstari wa pili, ameshika kichwa kwa mikono yote, analia kwa sauti kama mtoto, na uso wake ulikuwa ule wa zamani. Nikafunga kinywa. Nikanyanyua mikono yote miwili juu. Praxeda anapenda kusimulia kwamba wakati huo uso wangu uliwaka nuru. Ilikuwa maumivu.

Ganzi iliisha kabla hatujafika nyumbani. Maumivu yaliporudi, yalirudi na wageni.

Sasa nawaambieni, hakuna kazi ngumu kama kupona. Jumatatu mkuu wa shule, Madam Consolata, alinikumbatia ofisini, akanibana pale pale panapouma, akasema Mungu ni mwema, na kwa kuwa ni mwema basi kiti changu atapewa mwalimu mjamzito, nami niongezewe vipindi vya kidato cha nne. Umoja wa wanawake usharikani ukaniweka kamati ya mapishi, kwenye sufuria ambazo zikiinuliwa na wanne, mmoja lazima awe amepona. Praxeda akawa ananipitisha nyumba kwa nyumba kama ushahidi. "Geuza shingo, wifi, waone." Nikageuza. Waliona.

Robert, kwa furaha yake, akaligawa godoro gumu akaleta jingine nene, laini, lenye springi, la kusherehekea. Kulilalia kulikuwa sawa na kubebwa na watu wasioelewana njia. Asubuhi ananiuliza, "Leo je?" Nasema, "Nimepona, baba Queen," na yeye anakunywa chai yote. Akaanza tena kuendesha gari. Akaanza tena mluzi. Binti yetu Queen, aliyeko chuoni Morogoro, akapiga simu: "Mama, baba kanipigia anaimba. Kuna nini huko?"

Aliyenigundua kwanza ni jirani yetu, Bi Samiha. Yeye hakuwa mtu wa mikutano ya injili. Alikuwa ananichua kwa mafuta ya habasoda tangu ajali itokee, na tangu uponyaji nilikuwa nimeacha kwenda kwake. Kamba ya nguo nilikuwa nimeirudisha juu ili kulinda muujiza, na nilianika nikiwa nimepanda juu ya kigoda, mikono isivuke mabega.

"Shikamoo, Bi Samiha," nikamwamkia juu ya ua.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Aa. Ndiyo maana unaanika nguo kwa ngazi." Akaendelea kuchambua mchele wake. "Mafuta yapo. Yanakungoja. Wala sitamwambia mtu."

Sikwenda. Nilikuwa na mpango wangu. Saa nane nikitoka shule, Robert akiwa kwa wateja, nilikuwa naingia kwenye banda lake la kazi nyuma ya nyumba, natandaza boksi la friji sakafuni kati ya majokofu mabovu, nalala chali, miguu juu ya kompresa iliyokufa. Nusu saa. Ndiyo nusu saa pekee ya siku ambayo sikuwa nimepona.

Mwezi wa nne wa muujiza, Robert alirudi mchana kuchukua mtungi wa gesi aliousahau. Alichoona ni miguu miwili imechomoza nyuma ya friji. Alipiga yowe lililomleta Bi Samiha hadi uani na ungo wake mkononi.

"Niko hai," nikasema kutoka sakafuni. "Usinivute! Nitainuka mwenyewe, nipe dakika mbili."

Bi Samiha alitutazama wote wawili, akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kwake. Ni mtu anayejua wakati wa kuondoka.

Robert akachuchumaa.  "Tangu lini, mama Queen?"

"Tangu siku ile ile ya mkutano. Tulipokuwa bado ndani ya daladala."

"Miezi minne unanidanganya?"

"Miezi minne unapiga mluzi."

 Nilidhani atanikasirikia, na kwa kweli alikasirika. Alisimama, akaupiga teke mlango wa friji ya watu, akatoka nje, akarudi. Kisha akakaa sakafuni, juu ya boksi, pembeni ya kichwa changu.

"Mimi ndiye niliyegeuka," akasema. Miaka miwili hakuwahi kulisema. "Kila ukishika shingo yako naona mikono yangu kwenye usukani. Nilitaka iishe. Nilitaka mno iishe hadi sikukuangalia vizuri."

"Na mimi ndiye niliyekuonyesha Zebedayo."

"Hakuwa Zebedayo."

"Najua hakuwa! Hata hafanani naye!"

Tukaanza kucheka. Kucheka ni kitu kibaya sana kwa mgongo wangu, nikawa nacheka na kulia na kumwomba aache, naye hawezi. Tulipotulia akaniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu siku ya ajali. Hakuuliza "Leo je?" Aliuliza, "Nifanye nini?"

Nikamwambia aanze na godoro.

Kuacha kupona nako kuna taratibu zake. Nilikwenda kwa Mchungaji Hosea, nikamweleza yote. Akaniuliza kama sitaona vibaya kuendelea walau hadi sikukuu ya mavuno, kwa sababu ushuhuda wangu umewatia watu moyo. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, mimi ninawatia moyo, nani ananibebea sufuria?" Aliona aibu, namshukuru kwa hilo. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya umoja wa wanawake nikasema: sikupona, naumwa, niliwadanganya, nisameheni, na kuanzia leo nitakata vitunguu nikiwa nimekaa. Wengine walinisamehe papo hapo. Wengine wananisamehe polepole. Praxeda alisema muujiza ulikuwepo, ila niliuangusha njiani kwa kukosa imani, na hadi leo ananisalimia kwa kupitia watu wengine.

Madam Consolata alitaka cheti cha daktari kuthibitisha kwamba naumwa. Cheti, mnajua, kinasema picha ni safi. Kiti sikurudishiwa. Robert akanitengenezea kingine nyumbani, akakipeleka shuleni mwenyewe, akakiandika jina langu kwa rangi nyekundu, herufi kubwa mno.

Bi Samiha ndiye aliyetuelekeza kwa Anjela, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye mikono kama ya mchonga mitumbwi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi, sikulizoea. Kisha akasema, "Mwalimu, sitakudanganya. Hayataisha yote. Tutayapunguza, na utajifunza kuyaongoza."

Nililia pale pale kitandani kwake. Miaka miwili watu wananiahidi upya. Yeye peke yake ndiye aliyeniahidi kidogo, na hicho kidogo nimekipata. Siku nzuri zipo. Siku mbaya zipo pia, na siku hizo nalala kifudifudi sebuleni, mto chini ya kifua, kama alivyonifundisha Anjela.

Jana ilikuwa siku mbaya, na nilikuwa na insha za kidato cha nne za kusahihisha. Robert alikaa kwenye kochi na rundo la madaftari, akawa ananisomea moja moja kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"'Maisha ni kama maji, yana kina na yana samaki.' Ee! Huyu mtoto ana akili, mama Queen. Nimpe kumi na nane kwa ishirini?"

"Ameandika paragrafu ngapi?"

Akahesabu. "Moja."

"Sita," nikasema, uso wangu ukiwa kwenye mkeka.

"Sita kweli? Na samaki wote hawa?"

"Sita, baba Queen. Andika sita, lete anayefuata."

Akaandika. Lakini kalamu ilichukua muda mrefu mno kwa tarakimu moja, na mimi nilikuwa siwezi kugeuka kutazama.