Sebule Isiyo na pa Kujificha

Emily Nanzala alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutazama nyumba za watu kwenye simu. Akimaliza kuosha vyombo anatazama, akingoja maji ya ugali yachemke anatazama, na mumewe Khaemba akimsimulia mambo ya kazi yake ya reli anaitikia "mm" huku kidole kikipandisha sebule moja baada ya nyingine. Sebule zote hizo zilikuwa za kijivu, pana, hazina kuta za katikati, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Hilo la mwisho Emily hakulitia maanani, na ndilo lililomponza.

Tusimwonee, hakuwa mpenda makuu wa bure. Mama yake alikuwa anakuja. Mama alikuwa mjane, anakaa peke yake Webuye, na tangu Emily aolewe hakuwahi kukanyaga nyumba yake ya Voi, kwa sababu kwa mila za kwao mama mkwe haendi kwa mkwe hivi hivi kama anayekwenda sokoni. Mambo ya mahari yalimalizika mwaka jana tu, wazee wakaridhika, njia ikafunguka. Sasa Emily hakutaka mama akae siku mbili tatu kama mgeni. Alitaka akae hasa, mpaka asahau njia ya kurudi. Kila alipofikiria mama yake akijipakulia chakula cha mtu mmoja, alijikuta anapakua sahani moja zaidi.

Basi akamwita Musyimi, fundi wa mtaa.

"Huu ukuta," akasema akiupiga kofi, "nataka utoke. Jikoni na sebule ziwe kitu kimoja. Na hiki kikorido nacho kiende."

Kikorido chenyewe kilitoka vyumba vya kulala, kikapita nyuma ya ukuta ule hadi jikoni na mlango wa nyuma, maana choo kilikuwa uani. Fundi mwingine angeuliza watu watapita wapi. Musyimi hakuwa fundi wa maswali, na tangu ashike nyundo hakuwahi kumwambia mteja hapana.

"Hiyo ni kazi ndogo sana, mama. Na hapo upande ule nakuwekea kioo, kutoka huku mpaka kule. Nyumba itaonekana mara mbili."

"Mara mbili!" Emily akasema, na hapo hapo akiba yake ya chama cha akina mama ikapata miguu.

Ukuta ulianguka siku hiyo hiyo. Rangi ya kijivu ikapakwa, kioo kikapanda, na likaja sofa jeupe kama unga wa sembe. Voi ni mji ambao vumbi jekundu huingia hata ukifunga dirisha, kwa hiyo sofa lilibaki na plastiki yake ya dukani, na kila aliyekaa juu yake kwenye joto lile alibandika mapaja akaondoka kwa mlio.

Khaemba, aliyekuwa safari ya kazi siku hizo zote, aliporudi alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mama Carolyne, kwani tumehama?"

"Nyumba imepanuka."

"Hapa nilipo naona mpaka sufuria."

"Ndiyo mtindo, Baba Carolyne."

Khaemba alikuna kichwa, akahisi kuna jambo halijakaa sawa, lakini usingizi wa zamu ulimshinda akaenda kulala. Ni kweli wote wawili walizaliwa na kulelewa katika mila zile zile. Lakini wameishi Voi miaka mingi, majirani zao ni Wataita na Wakamba, mama mkwe yuko mbali, na mila ambayo haijakusumbua huwa unaisahau mpaka ikugongee mlango.

Mama alifika binti yao Carolyne akiwa shule ya bweni. Emily alimpokea stesheni, akamleta kwa tuktuk, akamkalisha kwenye sofa. Mama akazungusha macho, akagusa plastiki, akasema nyumba ni nzuri kweli. Emily akajaa furaha. Akaenda kwenye meko kuinjika chai, na kutoka pale alimwona mama yake mzima mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

Hapo mlango wa chumba cha kulala ukafunguka. Khaemba, aliyekuwa amekesha kazini na hakusikia mgeni akiingia, alikuwa na fulana, kaptula ya ndani, na haja ya choo isiyokubali kesho.

Sasa, kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwenye nyumba yenye kikorido, Khaemba angepita kimya kimya mpaka uani na hakuna ambaye angejua. Kwenye uwanja huu alitokea mbele ya mama mkwe kama mchezaji anayeingia kipindi cha pili.

Mama, kwa heshima zake, akageuza uso upesi. Akakutana na kioo. Khaemba naye, kwa heshima zake, akageuza uso upesi. Akakutana na kioo hicho hicho. Musyimi aliahidi mara mbili, na kweli, akina Khaemba wawili walisimama wamevaa kaptula, na akina mama wawili wakawakodolea macho.

"Uwiii!" akapiga kelele mama.

Khaemba alirudi chumbani kama aliyechomwa. Dirishani mna vyuma, hawezi kutoka. Ilibidi Emily ampeleke mama nje kutazama mlimau ambao hata haukuwa na malimau, ndipo mwenye nyumba apite.

Tangu saa hiyo Khaemba alikula kwenye kibanda cha stesheni na kuoga kazini. Akikaribia nyumbani anakohoa tangu barabarani. Siku ya tatu asubuhi Emily alimkuta mama akifunga mkoba.

"Nanzala, nyumba yako ni nzuri. Lakini siwezi kumfukuza mtu kwake. Ninarudi Webuye."

"Mama, nitaujenga tena huo ukuta!"

"Kwa pesa gani? Tena huo ukuta ulikukosea nini mpaka ukauangusha?"

Emily alifungua kinywa ajitetee kwa habari za mtindo, yakatoka mengine. "Nilitaka nikipika nikuone. Huko unakula peke yako, Mama. Nilitaka tu niwe nakuona."

Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, amebandika mashavu kwenye plastiki ya sofa.

Mama aliketi kando yake. Kisha akafungua ule mkoba aliokuwa ameufunga, akatoa leso zake zote, za maua, za michoro ya korosho, nyekundu na manjano, akazitandaza juu ya fahari yote ile ya kijivu.

"Tafuta kamba na misumari. Na hicho kioo kifunikeni shuka."

Khaemba alipofika akikohoa, aliingizwa kinyumenyume, akapewa nyundo, akapanda stuli akiutazama ukuta.

"Mwambie mkwe wangu apige juu zaidi," mama akasema, akiwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Anasema upige juu zaidi," akasema Emily.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, Mama."

"Mwambie ahsante, na avae suruali ndefu siku zote."

"Anasema..."

"Nimesikia, Mama Carolyne!"

Leso zikapanda moja baada ya nyingine kwenye kamba, kikorido kikarudi, na sebule ikafanana na uani siku ya kufua. Emily aliitazama, na moyo ukamuuma kwa ajili ya pesa zake. Khaemba alikuwa amefika kwenye pembe ya meko, na leso ya mwisho mkononi.

"Mwambie hapo asizibe," mama akasema.

"Hapo wapi, Mama?"

Mama aliinuka. Aliuchukua mkoba wake mtupu akausukuma na kuuficha chini ya kitanda cha wageni. Akarudi na kiti cha mbao, akakiweka sawasawa na lile pengo, akaketi.

"Haya, pika," akasema. "Nakuona."