Kumpungia Rubani

Tangu Shakila aseme kwenye simu kwamba amekuwa rubani, mama yake hakuiacha ndege ipite hivihivi. Jembe anaweka chini, kanga anaitoa kichwani, anapunga mpaka ndege ipotee nyuma ya mlima. Kwetu Tegetero, huku mashariki ya Uluguru, ndege hazikosi: za abiria kutoka Dar, na za jeshi zinazotokea upande wa Ngerengere zikipasua masikio. Za jeshi nazo alizipungia. Nikamwambia, "Dada, ile ni ya vita." Akanijibu, "Rubani ni rubani. Unajuaje kama hawajamwazima?"

Mwanvita ni dada yangu mkubwa, na Shakila ni mwanawe wa pekee. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye mpwa. Mpwa akivurunda, ninaitwa mimi, baba yake anaachwa anywe chai yake. Ndiyo maana Twalibu, anayeshusha tangawizi zetu Kariakoo, aliporudi na maneno hakuyapeleka kwingine. Aliyaleta barazani kwangu, tena watu wamejaa.

"Mzee Luqmani, rubani wenu nimemwona Feri. Kavaa jaketi okozi la rangi ya chungwa, anaingia kwenye boti. Sasa hiyo ndege yake inapaa kutoka majini?"

Walicheka. Nilicheka nao ili nisionekane nimechomwa, na nilichomwa kwelikweli. Uongo nauchukia kuliko ninavyomchukia nyani shambani. Lakini palikuwa na jambo zito kuliko uongo. Kaka yetu Salum alichukuliwa na Mto Ruvu wakati wa masika, akivuka na mkungu wa ndizi kichwani, wala hatukumpata. Tangu hapo dada yangu havuki hata kijito bila kushikwa mkono. Leo aambiwe mtoto wake yuko majini? Hofu ingemmaliza. Nami nikinyamaza, ataendelea kupungia ndege za watu huku kijiji kikimcheka. Sikujua lipi lina nafuu. Nikamwambia dada nakwenda Dar kumjulia hali mpwa wangu, nikapanda basi.

Shakila alinipokea kwa adabu zake zote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndege yako iko wapi?"

Akainamisha uso. "Mjomba, mimi sikusema ndege. Nilisema rubani."

"Rubani wa nini?"

"Wa meli. Meli ikija bandarini, nahodha wake ni mgeni, mkondo wetu haujui. Napanda mimi, naiongoza mpaka ndani. Ikitoka, naitoa. Sisi ndio marubani wa kwanza, mjomba. Wa ndege walikuja baadaye, wakalikuta jina."

Nilitaka kugomba. Lakini neno lilikuwa lake kwa haki.

"Na mama yako alipoanza kusema habari za ndege?"

"Alifurahi sana. Nikamkumbuka mjomba Salum, nikanyamaza." Machozi yalimlengalenga. "Kesho asubuhi naitoa meli. Njoo uone. Ukishaona, utakalomwambia mama ni lako wewe, sitakulaumu."

Kesho yake aliniacha Magogoni, ufukweni karibu na mapantoni yanayovusha watu kwenda Kigamboni, mikononi mwa baharia mwenzake aitwaye Oscar, mtu mzima mwenye kitambi, redio ya mkononi na darubini shingoni. Shakila akaenda zake gatini.

Nilikaa pale nimenuna, na kununa kwenyewe hakukudumu. Mimi nikiona kitu nisichokijua huwa situlii. Mlango wa bandari ile ni mwembamba, utadhani ukipaza sauti mtu wa ng'ambo atakuitikia, na kila kitu kinataka kupita hapohapo. Boti ya polisi inakwenda na kurudi. Boti nyingine ya serikali imejibandika ubavuni mwa meli, watu wake wanapanda na makabrasha. Pantoni linakata katikati, limejaa magari na abiria wamesimama. Halafu zikaja boti mbili fupi, nene, zimevishwa matairi kuzunguka mwili mzima.

"Na hizi zilizovaa matairi?"

"Hizo ni tagi, mzee. Ndizo zinazozivuta meli na kuzisukuma."

"Kuisukuma ile?"

Ile ilikuwa meli ya makontena, inatoka gatini taratibu. Ukiishusha Tegetero, shule, msikiti na kanisa vyote vinafunikwa, na bado mkia wake utaning'inia bondeni. Nikamwambia Oscar asinifanye mshamba.

"Kweli tupu. Meli ikienda polepole usukani wake haushiki vizuri, na humu ndani kukimbia ni marufuku. Bila tagi inaweza kwenda kulala mchangani."

Nikamuuliza matairi ni ya nini, akasema ili vyuma visigongane. Nikamuuliza kama tagi ya mbele ikivuta huku na ya nyuma ikivuta kule hawagombani. Nikamuuliza kamba ikikatika inakuwaje, akasema ikikatika asiwepo mtu karibu. Nikamuuliza sasa nani anayewaambia vuta, nani anawaambia acha. Hapo akacheka, akaongeza sauti ya redio na kuniwekea sikioni.

"Tagi ya mbele, vuta kulia taratibu. Taratibu, nimesema. Tagi ya nyuma, subiri."

Alikuwa Shakila. Sauti ileile iliyokuwa ikifukuza mbuzi kwenye mihogo yangu, haijaongezwa chumvi. Na tagi ya mbele, na nguvu zake zote zile, ikatii.

Boti ya polisi ikazifukuza ngalawa za wavuvi zikae kando. Pantoni likasimama upande wa pili na umati wake. Watu wote wale, magari yote yale, wanamsubiri binti wa Mwanvita apite! Usione vyaelea, vimeundwa: tunausema tangu utotoni, na mimi sikuwahi kuuliza, vikishaundwa, nani anavitoa mlangoni. Meli ikapita mbele yetu kama ukuta unaotembea. Nilisimama, nikaona fahari, nikamwambia mama mmoja muuza samaki, asiyenijua, kwamba yule aliyeko juu ni mpwa wangu. Akaniambia hongera baba, samaki hununui?

Ilipotoka nje kwenye maji mapana, tagi zikaiachia. Oscar akanipa darubini.

"Angalia ubavuni, mzee. Sasa anashuka."

Niliona ngazi ya kamba imening'inia kwenye ukuta ule wa chuma, na alama ndogo ya rangi ya chungwa ikishuka hatua kwa hatua. Chini, boti ya marubani inapanda na kushuka na mawimbi, mara ipo karibu na miguu yake, mara haipo. Meli haikusimama. Akafika mwisho wa ngazi, akangoja. Nikajisikia naita jina la Salum kwa sauti. Kisha akaachia, na nilipopata kuangalia tena alikuwa amesimama ndani ya boti, anafunga mkanda wa kofia.

Alikuja kwangu suruali imelowa mpaka magotini.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa, mjomba. Kila siku." Akajifuta uso kwa mkono. "Kuna kitu sijakuambia. Juu kule ninakosimama, mvua ikinyesha usiku halafu asubuhi ikatakata, naiona Uluguru. Kama kivuli tu, upande wa magharibi. Huwa namtafuta mama."

"Leo umeiona?"

"Leo kuna ukungu."

Niligeuka kutazama magharibi. Niliona maghorofa na moshi. Akasema pale chini haionekani, mpaka mtu awe juu. Basi njia nzima kwenye basi nilikuwa nalipindua neno hilo. Nilikwenda Dar kukamata uongo, na sasa narudi nimebeba jambo nisiloweza kuliapia.

Nilifika kijijini jioni. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi anga likawa jeupe, nami nikamfuata dada yangu kwenye tangawizi zake. Nilimwambia yote: neno rubani, tagi, pantoni kusimama, na ngazi ya kamba sikuificha.

Alikaa chini kwenye tuta.

"Maji," akasema.

"Maji, dada."

Alilia. Akanitukana mimi, akamtukana Shakila, akautukana Mto Ruvu kwa jina lake. Ndege ikapita juu yetu, inang'aa, na hakuinua mkono. Iliniuma kuliko yale matusi. Ndipo nikamwambia kuhusu mlima, na jinsi mtoto anavyomtafuta asubuhi za baada ya mvua.

"Wewe uliuona mlima kutoka kule?"

"Ndiyo" ilikuwa imeshanifika mdomoni. Nikaimeza. "Sikuuona. Kulikuwa na ukungu. Labda alisema tu kutufariji."

Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu utotoni ninaposema upuuzi.

"Na kwenye ndege nilikuwa namwona nani, Luqmani? Nilikuwa naona bati."

Akainuka, akapangusa udongo mikononi. "Bahari iko upande gani?"

Nikamwonyesha: chini kule, kupita Kinole, mpaka pale nchi inapokuwa tambarare na kugusana na mbingu. Hapakuwa na kitu chochote cha kuona. Akatoa kanga kichwani, akaanza kupunga, polepole, mkono wote. Halafu akageuka kwangu.

"Na wewe punga. Si unasema mjomba ndiye mwenye mpwa?"

Nilitazama kwanza kama Twalibu hayupo njiani. Kisha nikavua kofia, nikapunga.